Kwa Nini Mfugaji wa Fafi Hununua Sukari Kambini?

Watu wengi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu wakisikia jina la Hagadera, picha inayowajia ni mahema, foleni na magunia ya msaada. Basi wanapoambiwa kwamba mfugaji wa Fafi, Mkenya mwenye kitambulisho chake mfukoni, humfunga punda mkokoteni akaenda kambini kununua sukari, majani ya chai, dawa ya mbuzi na vocha ya simu, hawaelewi. Huuliza swali lile lile kila mara: si mkimbizi ndiye anayepaswa kumtegemea mwenyeji? Imekuwaje?

Sura hii inalijibu swali hilo, na msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa. Hagadera ni mji wa huduma wa Fafi. Umekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, ingawa kwenye makaratasi unahesabiwa kuwa kambi ya muda. Hasara ya kuendelea kuuhesabu hivyo inawaangukia wakimbizi na wafugaji pia.

Mji wa huduma ni mji usio na bandari wala viwanda vikubwa, ambao riziki yake ni kuwahudumia watu wa mashambani au wa malishoni waliouzunguka. Kitale ni mji wa namna hiyo kwa wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia. Makambako ni hivyo kwa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Mkulima huingia mjini, akauza gunia, akanunua mbolea, akampeleka mtoto kwa daktari, akasikia habari, akarudi kwake. Hagadera inafanya kazi hiyo hiyo kwa wenye ngamia, ng'ombe na mbuzi. Tofauti ni kwamba Kitale ililetwa na reli na mashamba, Hagadera ikaletwa na vita.

Mahali penyewe

Hagadera iko kusini mwa mji mdogo wa Dadaab, katika wadi ya Jarajila, eneo la Fafi, Kaunti ya Garissa. Kutoka mji wa Garissa hadi Dadaab ni kama kilomita 100, na mpaka wa Somalia uko kiasi cha kilomita 80 mbele yake. Nchi ni tambarare, udongo mwekundu wa kichanga, vichaka vya migunga, na miti ya mathenge kila mahali palipoguswa na maji. Mvua ni za misimu miwili, ambayo wafugaji huiita gu, kuanzia Aprili, na deyr, kuanzia Oktoba. Zikikosa, mifugo hufa. Zikizidi, barabara ya Garissa hukatika na malori ya chakula hukwama matopeni siku nyingi, kama ilivyotokea katika mafuriko ya Novemba 2006 na tena mwishoni mwa 2023.

Serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu Januari 1991. Waliokimbia walifikia kwanza Liboi, mpakani, kisha wakasogezwa ndani zaidi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991, na mwaka uliofuata zikafuata Dagahaley na Hagadera. Kambi zote tatu zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Mwaka 2011, ukame na vita vilipoleta njaa kusini mwa Somalia, eneo zima la Dadaab lilipita watu 460,000, na Hagadera peke yake ikawa imepita lile kusudio la kambi tatu. Kambi mbili zilizoongezwa wakati huo, Kambioos na Ifo 2, zilifungwa 2017 na 2018. Hagadera ilibaki, na leo wakazi wake wanazidi 100,000. Ili msomaji apate kipimo, sensa ya 2019 ilihesabu watu 163,914 katika kaunti ndogo yenye makao makuu ya Garissa yenyewe, pamoja na vijiji vyake.

Fafi kabla ya malori meupe

Kuna jambo moja la historia ambalo likirukwa, swali letu halijibiki.

Eneo hili lilikuwa sehemu ya NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Waingereza waliifunga: mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Baada ya uhuru vilikuja vita vya shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, na sheria za dharura zikatawala kaskazini mashariki tangu 1963 hadi 1991. Katika miaka hiyo yote serikali ilijulikana zaidi kwa kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani kuliko kwa zahanati. Watu wa Garissa hawajasahau mauaji ya mwaka 1980, wala wa Wajir hawajasahau mauaji ya Wagalla ya 1984. Shule zilikuwa chache, maji ya uhakika yalikuwa machache zaidi, na aliyetaka hospitali kubwa alikuwa na safari ya Garissa mbele yake.

Tazama miaka hiyo vizuri. Dharura iliondolewa 1991, mwaka ule ule Ifo ilipofunguliwa. Fafi ilitoka katika kipindi kirefu cha kunyimwa, na kitu cha kwanza kufika kwa wingi kilikuwa malori meupe ya Umoja wa Mataifa, yakiwa yamebeba pampu, dawa, madaftari na chakula kwa ajili ya wageni. Mwenyeji aliyapokea kwa sababu alikuwa hajaletewa mengine.

Kwa hiyo mfugaji anayekwenda kambini hafanyi jambo la ajabu. Anakwenda mahali huduma ilipo.

Mgao ulivyozaa soko

Sasa tuje kwenye sukari.

Kwa miaka mingi mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulikuwa wa vitu vichache visivyooza: unga, nafaka, maharagwe au dengu, mafuta ya kupikia. Hesabu yake ilifanywa kwa kalori, yaani kipimo cha nguvu ambazo mwili hupata katika chakula, na lengo lilikuwa 2,100 kwa mtu kwa siku. Hakukuwa na sukari, maziwa, nyama, chai wala mboga. Mara nyingi hata kuni za kupikia chakula chenyewe hazikutosha.

Hakuna familia ya Kisomali itakayoanza siku bila chai ya maziwa yenye sukari. Basi mama aliuza sehemu ya unga wake apate sukari na kuni. Aliyeununua alikuwa mfanyabiashara aliyekusanya debe hapa na debe pale mpaka likawa gunia. Na mfugaji aliyekuja na maziwa au kuni alitaka nini? Unga na mafuta, vitu ambavyo huko malishoni ni adimu na ghali. Kila mmoja alikuwa na kile mwenzake alichokikosa. Mfanyabiashara alisimama katikati, akaongeza sukari, nguo na tochi, na duka likazaliwa. Hagadera ilipata soko linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote katika kambi za Dadaab, kubwa kuliko hata lile la Ifo ambalo wakazi hulijua kwa jina la Bosnia.

Tazama biashara ya maziwa, maana ndiyo inayoonyesha mji huu unavyoshikamana na malisho. Ngamia hukamuliwa alfajiri. Maziwa humiminwa kwenye madumu ambayo ndani yamefukizwa moshi wa mti uliochaguliwa kwa kazi hiyo, ili yasichache upesi njiani. Maafisa wa afya wangependa vyombo vya chuma, kwa sababu plastiki husafishika kwa shida, lakini dumu ni jepesi, ni rahisi, na likipotea si msiba. Madumu hupandishwa juu ya gari, yakiwa yamefungwa vitambaa au kamba za rangi tofauti ili kila mwenye lake alitambue, na asubuhi huwa yamefika sokoni. Anayeyapokea ni mwanamke, mara nyingi ndugu wa huyo aliyeyatuma au mtu ambaye amefanya naye biashara miaka mingi. Huyapima kwa kikombe, akauza kwa fedha taslimu kwa wapita njia na kwa deni kwa wateja wake wa kila siku. Jioni gari hurudi na madumu matupu, pamoja na sukari, unga, betri, dawa ya kupe na ujumbe wa mdomo. Kiasi kidogo sana cha fedha husafiri. Daftari la mama wa maziwa ndilo benki.

Vitu vingine sokoni vina njia zake:

- Mbuzi, ngamia wa kuchinja na kuni hutoka Fafi yenyewe na maeneo jirani.
- Ndizi, maembe, matikiti na nyanya hutoka kwenye mashamba ya kando ya mto Tana. Hapo ndipo Garissa ya wafugaji inapokutana na Garissa ya wakulima.
- Miraa hutoka Meru kwa magari yanayokimbia kama yanafukuzwa, kwa sababu ikilala bei huanguka.
- Viazi na kabichi hutoka nyanda za juu za Kenya.
- Nguo, simu na vyombo hutoka Eastleigh, Nairobi.
- Tambi, maziwa ya unga na sukari kwa miaka mingi vimepita pia Kismayu na Dhobley za Somalia, kisha Liboi, vingi vyake bila ushuru.

Hili la mwisho halifichiki, na si haki kulisema bila kueleza sababu. Kati ya Garissa na Hagadera kuna barabara mbaya na vizuizi vingi. Upande wa bahari kuna bandari ya Kismayu. Bidhaa hufuata njia iliyo rahisi, na serikali itaishinda biashara hiyo ya magendo siku itakapoifanya njia ya halali kuwa ya nafuu.

Uchunguzi uliofanywa 2010 ulikadiria kwamba biashara za wakimbizi katika kambi za Dadaab zilikuwa na mauzo ya dola milioni 25 hivi kwa mwaka, na kwamba wenyeji walinufaika kwa kiasi cha dola milioni 14 kwa mwaka kwa kuwepo kambi: mifugo na maziwa waliyouza, ajira, kandarasi, na bei nafuu ya vyakula. Tangu hapo mengi yamebadilika, lakini mwelekeo wa fedha ni ule ule.

Mwaka 2016 WFP ilileta Dadaab mpango wa Bamba Chakula. Badala ya kupewa mgao wote kwa gunia, familia ilipata sehemu yake kama fedha ndani ya laini ya simu, za kutumika kununua chakula tu, kwa wauzaji walioidhinishwa. Mama akaweza kununua maziwa na nyama moja kwa moja bila kuuza unga kwa bei ya hasara. Duka lililopata idhini lilineemeka, na lililokosa likalalamika. Hata hivyo deni halikuondoka. Wenye maduka huwakopesha wateja mwezi mzima wakitegemea fedha zitaingia, na wako wanaoshika kadi au laini ya mteja kama dhamana. Mpango huo ulifanikiwa kwa sababu duka lenyewe tayari lilikuwa limesimama juu ya uaminifu.

Kwa ufupi: soko la Hagadera halikuanzishwa na mradi wa mtu. Lilitokana na upungufu wa vitu fulani ndani ya mgao na upungufu wa vitu vingine malishoni, na mifereji yake ni maziwa, unga na deni.

Fedha zinazopita kwa jina la mtu

Sehemu ya mtaji wa soko hili hutoka mbali. Jamaa walioko Minneapolis, London, Nairobi au nchi za Ghuba hutuma fedha kwa hawala, mtindo ambao wakala wa huko hupokea fedha, humpigia wakala wa Hagadera, na ndugu hulipwa bila noti yoyote kuvuka bahari; mawakala hulipana baadaye. M-Pesa imechukua sehemu kubwa ya malipo ya ndani, lakini laini huhitaji kitambulisho, na hapo wakimbizi wengi wamelazimika kutumia jina la Mkenya wanayemwamini.

Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha. Ziliruhusiwa tena Juni. Kwa miezi hiyo miwili fedha za jamaa zilikwama, na mwenye duka aliyezitegemea kununulia mzigo Eastleigh akakwama nazo. Hatua iliyolenga magaidi iliwafikia watu waliokuwa wakikopesha unga.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Methali hii inatajwa sana harusini. Huku Hagadera imetimia neno kwa neno.

Hospitali ya Hagadera inaendeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji (IRC) tangu 2009. Kuna wodi ya wazazi, upasuaji, na matibabu ya watoto waliodhoofika kwa njaa. Haimfukuzi mwenyeji. Mwanamke wa vijiji vya Jarajila mwenye uchungu wa uzazi ulioshindikana nyumbani hapelekwi Garissa ikiwa Hagadera iko karibu, maana barabara ya Garissa ni hatari kubwa kuliko uchungu wenyewe. Wakati wa kipindupindu kilichoanza katika kambi za Dadaab mwishoni mwa 2022 ilionekana wazi kwamba vijidudu havitenganishi mkimbizi na mwenyeji. Kwa hiyo tiba nayo ilibidi iwafikie wote.

Maji ni vivyo hivyo. Chini ya ardhi hii kuna hifadhi ya maji iitwayo Merti. Ni tabaka la mchanga na mawe lililojaa maji, linaloanzia upande wa Isiolo, likapita Habaswein hadi karibu na mpaka. Katikati yake maji ni matamu. Ukienda pembeni yanageuka chumvi. Visima virefu vya Hagadera huchota humo, vingi sasa kwa nguvu za jua badala ya dizeli, na kusukuma maji hadi kwenye matangi ya juu na vituo vya mabomba. Kiangazi kikikaza, mifugo ya wenyeji husogea kuelekea visima. Mahali penye maji ya uhakika mwaka mzima ndipo watu hujenga, na makazi ya wenyeji yamekua kuizunguka kambi.

Kuhusu shule nitasema kidogo. Zinafuata mtaala wa Kenya, walimu wengi ni wakimbizi wanaolipwa posho badala ya mshahara, madarasa yamejaa, na watoto wa wenyeji wamo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua kampasi Dadaab 2012, jambo ambalo kijana wa Fafi wa miaka ya dharura asingeliota.

Mkenya aliyeandikwa mkimbizi

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwangu mimi, linathibitisha hoja ya sura hii kuliko takwimu zote, na ndilo linaloniuma zaidi.

Katika miaka ya ukame, mifugo ikiisha, mfugaji wa Garissa alikuwa na njia mbili: angoje msaada ambao haukuwa na siku, au ajiandikishe kambini. Familia nyingi zilijiandikisha. Lugha yao na ya wakimbizi ni moja, dini ni moja, nasaba ni hizo hizo, na njaa ni ile ile. Wazazi waliwapeleka watoto, wengine wakiwa wachanga, alama za vidole zikachukuliwa, familia ikala.

Miaka ikapita. Mtoto akafikisha miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa lake. Mtambo ukasoma vidole vyake, ukajibu kwamba yeye ni mkimbizi. Akarudishwa. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kupiga kura, kuajiriwa serikalini, wala kupita kizuizi cha daraja la Tana kwa amani. Akawa mgeni mahali ambapo babu zake wamezikwa. Waliokumbwa na hali hii ni makumi ya maelfu, na wengi wao ni wa maeneo yanayozizunguka kambi.

Mwaka 2019 serikali ilianza kuwahoji ili kuwatambua walio raia na kuwafuta kwenye orodha ya wakimbizi, lakini kazi ikaenda polepole mno. Walikwenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliwapa haki yao. Mwezi uliofuata Rais William Ruto alitangaza kuondoa mahojiano ya ziada ambayo watu wa kaskazini walikuwa wakifanyiwa kabla ya kupewa vitambulisho.

Ikiwa raia analazimika kuukana uraia wake ili apate kilo za unga, basi tujue kambi ilikuwa imeshika nafasi ya serikali katika eneo hilo. Wazazi wale hawakudanganya kwa tamaa. Walifuata huduma mahali ilipokuwa, na watoto wao wakailipia kwa ujana wao.

Kwa ufupi: hospitali, kisima, shule na mgao vilijengwa kwa ajili ya wageni na vikageuka kuwa vya wote, kwa sababu hapakuwa na vingine vya karibu.

Miti, kuni na mathenge

Haitakuwa haki kueleza faida bila hasara. Watu zaidi ya laki moja hupika kila siku, na kwa miongo mitatu wamepika kwa kuni. Miti ilikwisha kwanza karibu, kisha mbali, na wanawake waliofuata kuni porini walivamiwa na kubakwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa mpango wa kugawa kuni ili kupunguza safari hizo. Ulisaidia kwa kiasi, kwa sababu kuni zilizogawiwa hazikutosha mwezi. Wenyeji nao waliona malisho yakififia, na baina yao na wakimbizi pakawa na ugomvi juu ya kila mti uliobaki.

Pengo hilo limejazwa na mathenge, mti wa miiba ulioletwa Kenya miongo iliyopita kuzuia jangwa. Unaota upesi, hauhitaji kutunzwa, na ndio uzio wa karibu kila boma Hagadera. Lakini unameza malisho, na maganda yake matamu huharibu meno ya mifugo. Wafugaji wa Baringo walifika mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Hagadera watu wameanza kuukata kwa kuni, makaa na nguzo. Ningependa kuona kazi hiyo ikipewa mtaji, kwani ni nadra mji kupata nishati kwa kukata kitu ambacho kila mfugaji anataka kiondoke.

Mji usio na hati

Kinachoizuia Hagadera isikue kama Kitale ni karatasi mbili.

Ya kwanza ni kibali cha safari. Mkimbizi hawezi kutoka kwenda Garissa au Nairobi bila ruhusa ya Idara ya Huduma za Wakimbizi. Mwenye duka la nguo haendi Eastleigh kuchagua mzigo wake. Humtuma Mkenya, humlipa, na hupokea alicholetewa. Kila bidhaa rafuni ina gharama hiyo ndani yake, na mfugaji anayeinunua ndiye anayeilipa.

Ya pili ni ardhi. Kambi imekaa juu ya ardhi ya jamii, yaani ardhi ya wenyeji wote kwa pamoja inayolindwa na sheria ya 2016. Mwenye duka amejenga kwa mabati na matofali, lakini hana hati, na jamii yenye ardhi haina mkataba unaoipa kodi. Benki haiwezi kukopesha juu ya kitu kisicho na hati.

Juu ya karatasi hizo mbili kulikuwa na tishio. Mei 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hatua hiyo ilikuwa kinyume cha Katiba. Kati ya tarehe hizo mbili, nani angejenga duka la mawe?

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imebadilisha mwelekeo. Inaruhusu wakimbizi kufanya kazi na inataka hospitali, shule na huduma nyingine zitumiwe na wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Machi 2025 ulizinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma ziwe makazi ya kawaida yanayosimamiwa na kaunti. Wapo wenyeji wanaohofia kwamba ardhi yao itaondoka mikononi mwao kimyakimya. Hofu hiyo ina msingi na lazima ijibiwe kwa mkataba wa maandishi wenye kodi, mipaka na muda, uliosainiwa na jamii yenyewe. Anayeidharau anapanda ugomvi wa miaka hamsini.

Mgao ulipopungua

Mpango wa Shirika ulizinduliwa wakati mbaya. Mwanzoni mwa 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake. Katikati ya mwaka mgao wa wakimbizi nchini Kenya ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kamili, na familia zikaanza kupangwa katika makundi kulingana na uhitaji wao, nyingine zikiachwa zijitegemee.

Fuata sasa mnyororo ule ule, ukianzia mwisho. Familia iliyopunguziwa mgao inaacha kwanza nyama, halafu maziwa. Mama wa maziwa ana majina mengi kwenye daftari na fedha kidogo mkononi, kwa hiyo anapokea madumu machache. Gari linalokwenda malishoni linapungua safari. Mfugaji aliyekuwa akipata sukari na dawa ya kupe kwa kutuma maziwa sasa anauza mbuzi, na wenzake wote wanauza mbuzi wiki hiyo hiyo, bei inashuka. Uamuzi uliofanywa Washington unamfikia mtu wa Jarajila ambaye hajawahi kushika kadi ya mgao.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kupungua kwa misaada ni shida ya wakimbizi peke yao. Mji wenyewe unaweza kuziba sehemu ya pengo hilo: kodi ya soko, leseni za biashara na ada za machinjio zinaweza kukusanywa Hagadera, lakini mtu halipi kodi kwa moyo pale asipoweza kusafiri kuleta mzigo wala kumiliki kibanda. Kibali na ardhi vitangulie, mapato yatafuata.

Na kuna mambo yasiyosubiri mapato. Mashirika yakipunguza watu, pampu haziondoki nao. Zinabaki zikihitaji fundi, vipuri na dawa ya kusafishia maji, kama wodi ya wazazi inavyobaki ikihitaji wakunga usiku. Kaunti ya Garissa inapoandaa bajeti yake, mishahara ya mafundi na wakunga hao lazima iandikwe kwa jina la Hagadera, na wa kwanza kuidai katika vikao vya umma wawe wafugaji wa Fafi, kwa kuwa wake zao hujifungulia kwenye wodi hiyo na ngamia wao huyategemea maji hayo Februari, deyr ikiwa imekosa.